Muvi ya 1964, Watoto Sita, na Alama za X Kwenye Cheti Changu

Wasee, mnajua msimamo wangu kuhusu muvi za sehemu ya pili. Nimesema hapa mara nyingi hadi mkachoka: ya kwanza hutengenezwa kwa sababu mtu ana stori, ya pili hutengenezwa kwa sababu mtu ana deni. Leo nimekuja kula maneno yangu kidogo. Kuna sehemu ya pili moja, ya bajeti ndogo, nyeusi na nyeupe, ya mwaka 1964, ambayo kwangu mimi imeipita ya kwanza. Na imenifanya nitoe cheti changu cha kuzaliwa kwenye bahasha ya kaki ambayo mathe huweka chini ya godoro, nikakiangalia kuliko nilivyowahi kukiangalia maisha yangu yote.

Stori ya cheti tutaifikia. Tuanze na muvi.

Inaitwa Children of the Damned. Ukitaka kuielewa lazima urudi nyuma hadi 1957, wakati Mwingereza John Wyndham alitoa riwaya inaitwa The Midwich Cuckoos. Huyo cuckoo wa kwenye jina ni ndege mjanja sana. Hajengi kiota. Anataga yai kwenye kiota cha ndege mwingine, anaenda zake, na mwenye kiota anabaki kulea mtoto ambaye si wake. Sasa chukua hiyo tabia ya ndege, uipe viumbe wa angani, halafu viota viwe ni matumbo ya wanawake wa kijiji kimoja cha Uingereza. Hiyo ndiyo riwaya.

Kampuni ya MGM ikanunua stori. Mpango wa kwanza ulikuwa itengenezwe Marekani, lakini wakubwa wakaingiwa na baridi. Wanawake wanapata mimba bila mwanamume? Waliogopa kelele za watu wa dini. Mradi ukalala, halafu ukahamishiwa studio zao za Uingereza, kule Borehamwood, kwa pesa kidogo. Mwaka 1960 ikatoka kwa jina Village of the Damned.

Hii ya kwanza wengi mmeiona hata kama hamjaiona. Wale watoto wenye nywele nyeupe na macho yanayowaka, wanatembea pamoja kama jeshi, wamekopiwa hadi kwenye katuni. Siku moja kila mtu kijijini Midwich anaanguka usingizi. Watu, ng'ombe, dereva wa basi, wote chini. Baada ya saa kadhaa wanaamka, maisha yanaendelea. Miezi michache baadaye kila mwanamke anayeweza kuzaa ana mimba. Wasichana ambao hawajaolewa wana mimba. Watoto kumi na wawili wanazaliwa, wote wanafanana, wanasoma akili za watu, na wakikukasirikia wanakufanya ujidhuru kwa mikono yako mwenyewe.

Ule mwanga wa macho uliotisha dunia nzima ulikuwa ujanja wa watu wasio na doo. Walichukua picha ya jicho, wakaigeuza ili nyeusi iwe nyeupe, wakaipachika juu ya mboni ya mtoto. Basi. Nywele zilikuwa wigi. Kijiji kilikuwa kijiji cha kweli, Letchmore Heath, karibu tu na studio, kwa hivyo hawakujenga chochote. Kama wewe ni mmoja wa wale mnaniandikia kila siku kwamba hamwezi kushuti bila kamera ya laki tatu, soma hii aya mara mbili.

Kuna kitu kimoja nataka mshike kuhusu dairekta, Wolf Rilla. Alizaliwa Berlin mwaka 1920. Babake alikuwa mwigizaji Myahudi, na familia ilihamia London Hitler alipoanza kupanda. Sasa fikiria: kijana aliyekimbizwa na watu waliosema nywele za manjano na damu safi ndiyo kipimo cha binadamu, anakua, anapewa muvi, na monsta wake wanakuwa watoto wa nywele za manjano, wote sura moja, wote akili moja, hawana huruma. Sijui kama alipanga. Lakini ukishaijua hiyo historia, huwezi kuangalia hiyo muvi kama zamani.

Hadi hapo tuko kwenye stori ya kawaida: wao ni wageni, sisi ni watu, wageni wauawe. Mwishoni mzee mmoja msomi anaingia darasani na bomu kwenye mkoba wake, na ili watoto wasisome akili yake anajilazimisha kuwaza ukuta wa matofali. Ukuta unabomoka tofali moja moja kichwani mwake, na bomu linalipuka. Tamu sana. Imeisha.

Muvi ikaingiza pesa, na kama kawaida MGM wakasema, twende tena.

Hapa ndipo nilitarajia uvivu. Kijiji kingine, watoto wengine kumi na wawili, wigi zilezile zimeoshwa. Badala yake walimpa kazi ya kuandika Mmarekani anayeitwa John Briley. Baadaye sana huyu Briley ndiye aliandika muvi ya Gandhi ya 1982 na akashinda tuzo ya Oscar. Dairekta akawa Anton Leader, mtu aliyezoea kazi za televisheni. Na Briley akafanya kitu ambacho waandishi wa sehemu ya pili hawafanyi: akaitupa sehemu ya kwanza. Hakuna mhusika hata mmoja anayerudi. Wigi hazipo. Kijiji hakipo.

Badala yake kuna mtihani. Watu wa UNESCO wanapima akili za watoto duniani, na watoto sita kutoka nchi sita wanamaliza fumbo moja gumu la vipande kwa muda uleule. Paul ni wa Uingereza. Nina ni wa Muungano wa Kisovieti, Mark wa Marekani, Mi Ling wa Uchina, Rashid wa India. Na wa sita, wasee, anaitwa Ago, na anatoka Nigeria.

Tulia kidogo hapo. Mwaka 1964. Nigeria ilipata uhuru tarehe 1 Oktoba 1960. Sisi wenyewe tulipandisha bendera tarehe 12 Desemba 1963, kwa hivyo wakati muvi hii inaingia kwenye kumbi, Kenya ilikuwa bado mtoto mchanga anayefundishwa kukaa. Kwenye muvi nyingi za Wazungu za miaka hiyo, Mwafrika alikuwa wa kubeba mizigo au kukimbia na mkuki. Hapa kuna mtoto Mwafrika ambaye kwa karatasi ana akili sawasawa na Mrusi na Mmarekani, na hakuna mtu kwenye stori anayeuliza imewezekanaje. Ni ukweli tu wa muvi, kama vile mvua ya London.

Sisemi ni muvi takatifu. Paul, yule Mwingereza, ndiye msemaji wa kundi. Ago hasemi karibu chochote. Dunia yote imeletwa London na bado mdomo umebaki wa Mwingereza. Hiyo niliiona na ikaniuma. Lakini pia niliona walimweka Ago mstari wa mbele na wenzake, siyo nyuma, na kwa mwaka huo hilo si jambo dogo.

Wanasayansi wawili wanaanza kufuatilia, mmoja mtaalamu wa akili, mwingine wa mambo ya urithi wa damu. Wanakuta watoto wote sita wana jambo moja linalofanana. Hawana baba. Siyo baba aliyekufa au aliyehama. Hakuna baba kabisa. Mama yake Paul anasema hajawahi kuguswa na mwanamume, na jinsi wale wanaume wanamwangalia unajua wanachofikiria. Wanafikiria unachofikiria wewe.

Nilikuwa naangalia hii sehemu na mathe akiwa nyuma yangu. Mathe huuza mitumba, na Jumapili usiku hupiga pasi mzigo wa Jumatatu. Haangalii muvi zangu, anasema zina kelele. Lakini hii haina kelele, na yeye anaelewa Kingereza kuliko anavyojifanya. Nikasikia pasi imewekwa chini.

Akasema, "Huyo anasema hakuna mwanaume na hawamwamini. Mimi nilisema yuko, nikataja jina lake mara tatu, na bado wakaandika X."

Nikasimamisha muvi.

Kwa wale hawajui: kwa miaka mingi Kenya, mtoto akizaliwa na wazazi hawajaoana, jina la baba halikuandikwa kwenye cheti cha kuzaliwa ila baba mwenyewe akubali na aombe pamoja na mama. Sheria ya usajili wa vizazi na vifo, kifungu cha 12. Mama akija peke yake, hata amjue baba kama anavyojua kiganja chake, ile nafasi ilijazwa kwa alama za X. Yangu ina X nyingi zimepangwa mstari, kama mtu aliyekuwa akikosea mtihani.

Nilikuwa nimeshazoea. Ukiwa mdogo unadhani kila mtu ana X. Halafu siku moja niko kwenye foleni ya ofisi moja mjini, nimepeleka karatasi zangu, karani akasoma kwa sauti: "Baba yako anaitwa X?" Akamwonyesha mwenzake. Wakacheka, siyo kwa ubaya sana, ile kicheko ya watu waliochoka na kazi. Mimi nikacheka pia. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, na nilicheka nao ili foleni isonge.

Sasa kwa vile hizi ni stori za historia, acha niwape historia. Zamani kidogo, 1959, Kenya ilikuwa na sheria iliyoitwa Affiliation Act. Ilimruhusu mama asiyeolewa aende kortini amdai baba wa mtoto pesa za matunzo. Ilikuwa sheria ya wakoloni na ilikuwa na kasoro zake, lakini ilikuwepo. Mwaka 1969 Bunge letu, Bunge la nchi huru, likaifuta. Hilo Bunge halikuwa na mwanamke hata mmoja aliyechaguliwa. Grace Onyango, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa mbunge Kenya, aliingia kwa uchaguzi wa Desemba mwaka huohuo, sheria ikiwa tayari imezikwa. Kwa hivyo kitu cha watoto wasio na baba kiliamuliwa na wababa watupu. Fikiria hapo.

Ikakaa hivyo zaidi ya miaka arobaini. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, ndiyo ikasema mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wote wawili, wawe wameoana au la. Na mwaka 2016 Jaji Mumbi Ngugi wa Mahakama Kuu akasema kile kifungu cha 12 kinakiuka Katiba. Wakati huo mimi nilikuwa tayari nimeandikwa.

Rudi kwa muvi. Watoto wanaletwa London wachunguzwe pamoja. Sasa angalia kinachotokea. Kwa miaka yote hakuna aliyewauliza hawa watoto wamekula nini. Wamelelewa na mama, nyanya, shangazi. Siku inapojulikana kwamba wana akili ya kutengeneza silaha ambazo hakuna nchi nyingine inazo, serikali zote zinaamka. Kila ubalozi unamtaka wake arudishwe haraka. Kumbuka huu ni wakati gani: Oktoba 1962 Marekani na Sovieti walikaribia kuchoma dunia kwa sababu ya makombora ya Cuba. Kila mtoto kwenye hiyo muvi ni kombora lenye magoti machafu.

Hawana baba, lakini ghafla wana nchi sita zinazosema huyu ni wetu.

Na hapa wacha niseme ukweli, maana nimeahidi huwa sisemi uongo hapa. Tangu huu ukurasa wangu uanze kuleta matangazo mawili matatu, nimeanza kupokea salamu. Zinapitia kwa mjomba. Kwamba kuna mzee fulani huangalia video zangu na anajivunia. Kwamba angependa tuonane, na siku hizi sheria inakubali, jina linaweza kurekebishwa. Sijajibu. Mathe anajua na hajasema lolote, na mathe akinyamaza ni kwa sababu hataki kunichagulia.

Wale watoto wa muvi wanatoroka balozi zao. Wanajifungia kwenye kanisa bovu pande za Southwark, kanisa la aina ambayo London ilikuwa nayo baada ya vita, kuta ziko, waumini hawako. Wanamchukua shangazi yake Paul, anaitwa Susan, wanamtawala akili, na yeye anawapikia na kuwasemea. Wanatoa vyuma na vipande vya kinanda cha kanisa, wanaunda mashine ya sauti inayoua askari. Watu wanakufa, tena vibaya. Muvi haisemi watoto ni malaika. Inasema tu kwamba kila mara mtu mzima ndiye huja na bunduki kwanza.

Halafu kunakuja jambo ambalo ndilo linaifanya hii muvi iwe kubwa kuliko ya kwanza. Damu yao inapimwa. Tunangoja tuambiwe ni damu ya sayari gani. Jibu ni kwamba ni damu ya binadamu. Ila ni binadamu wa miaka milioni moja mbele. Yule chotara tuliyemwogopa, nusu mtu nusu mgeni, ule mgeni wake ni sisi wenyewe tukiwa tumekua. Kwenye muvi ya kwanza swali lilikuwa tutawaua vipi. Hapa swali ni: mbona hatukuwatambua?

Muvi nyingi zilizofuata za mahuluti wa angani zilikimbia hilo swali. Mnakumbuka Species ya 1995, yenye yule kiumbe aliyechorwa na H. R. Giger? Ilianza na bajeti ya kutisha, na kufikia Species III ya 2004 ilikuwa imeshuka hadi muvi ya televisheni, machotara wanakufa kwa magonjwa madogo kwa sababu damu yao haijatulia. Wazo zuri sana hilo, mtoto anayelipa deni la kuchanganywa na watu wasiomuuliza. Wakaligusa, wakaogopa, wakarudi kwa ngozi na mikia. Children of the Damned haina mkia hata mmoja. Ina watoto wamesimama.

Na mwisho wake, kama hutaki kuambiwa, ruka hii aya. Jeshi limezunguka kanisa. Watoto wanatoka nje, wanasimama, hawapigani. Wakubwa wanaanza kuelewa. Inaamuliwa wasipigwe. Unapumua. Halafu bisibisi iliyoachwa juu ya meza, bisibisi ya kawaida ya fundi, inaanguka kwenye swichi, na ishara ya kushambulia inaenda. Kanisa lote linashuka. Ago, Nina, Rashid, Mi Ling, Mark, Paul. Picha ya mwisho ni ya hiyo bisibisi.

Nilikaa kimya. Nilitaka kuwaandikia kwamba huo ndio ujanja wa Briley, kwamba mwaka 1964 kila mtu aliogopa vita vya nyuklia vitaanza kwa bahati mbaya, waya umeguswa, rada imekosea, na kwamba kwa hiyo bisibisi alisema kila kitu bila hotuba. Hayo yote bado naamini.

Lakini mathe alikuwa amemaliza kupiga pasi, anakunja mashati ya watoto wa watu. Akaniuliza, "Kwa hivyo wamewaua kwa makosa?"

Nikamwambia, "Ehe. Bisibisi imeanguka tu."

"Haiwezi anguka tu," akasema. "Kuna mtu aliiacha hapo."

Akazima stima ya jikoni akaenda kulala.

Nimefikiria hayo maneno wiki nzima. Karani hakuniandika X kwa chuki, na wale waliocheka hawakunichagua mimi. Hata yule aliyejaza cheti alikuwa anafuata karatasi iliyo mbele yake. Ni kama hakuna aliyefanya. Lakini kuna watu walikaa kwenye chumba, wakapitisha sheria, wakaenda kula lunchi, na ikabaki pale mezani miaka na miaka ikitungoja sisi. Kama cheti chako kinafanana na changu, hiyo ndiyo nilitaka usikie leo. Zile X hazisemi lolote kukuhusu wewe wala mamako. Zinasema nani alikuwa kwenye chumba.

Kuhusu mzee wa salamu, bado sijaamua. Kubadilisha cheti ni haki yangu, na haki si lazima uitumie siku unayopewa. Kwa sasa nimerudisha bahasha chini ya godoro, upande uleule, maana mathe hukagua.

Muvi ni dakika tisini hivi. Itafuteni, muiangalie usiku, simu mbali. Wiki ijayo tunarudi kwa muvi za rangi.